Moto wa porini: namna ya kulinda shamba na ujirani

Kila kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa kumi, pori la miombo linalozunguka Likasi huwaka. Karibu moto wote unatoka mikononi mwetu: mkulima anasafisha shamba, mwindaji anatafuta panya, mrina asali anafukuza nyuki, mchoma makala anaacha tanuru bila mlinzi. Wenyeji wanawasha, na jamaa zilizohamishwa pia zinawasha. Lakini mihogo ikiungua, wengi husema haraka: "Ni wale waliokuja."

Katika kijiji kimoja tulikuwa tunapima mashamba ambayo wenyeji waliwaazima wageni wao. Tulisimamisha vigingi vya miti mbele ya wazee wa pande zote mbili. Tuliporudi, moto ulikuwa umepita. Vigingi vilikuwa majivu, na kazi ikarudi mwanzo. Kibaya zaidi, kila upande ulidhani mwenzake amechoma makusudi ili mpaka upotee. Tangu hapo tunaweka mawe, tunaandika majina ya majirani wa kila shamba, na kila upande unabaki na nakala.

Je, tukataze moto kabisa? Watafiti walijaribu jambo hilo huko Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, kuanzia mwaka 1933. Sehemu moja ya pori ilichomwa mapema kila mwaka, nyingine mwishoni mwa kiangazi, nyingine ikakingwa na moto. Baada ya miaka mingi, moto wa mwisho ulikuwa umeua miti na kuacha nyasi. Palipochomwa mapema, pori lilibaki. Palipokingwa, miti ilisongamana.

Sababu ni hii. Mwezi wa tano na wa sita nyasi bado zina unyevu, basi moto unakuwa mdogo. Mwezi wa tisa nyasi zimekauka na upepo ni mkali. Tena ndipo miti ya miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua. Majani hayo ndiyo chakula cha viwavi tunavyokula na kuuza. Yakiungua, jamaa nyingi zinapoteza mboga na fedha.

Kwa hiyo tunawashauri wakuu wa vijiji na viongozi wa waliohamishwa:

- Kaeni pamoja mvua zinapoisha, mpange siku za kuchoma.
- Chomeni mapema, jioni, upepo ukiwa umetulia.
- Limeni ukanda mtupu kuzunguka mashamba na nyumba.
- Anayewasha awajulishe majirani, na asiondoke mpaka moto ufe.
- Moto ukitoroka, zimeni kwanza. Kuuliza nani amewasha kufanywe baadaye, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Shamba la kuazima linasimama juu ya kuaminiana. Jamaa inayofukuzwa kwa ajili ya moto ambao haikuwasha inahamishwa mara ya pili. Msingoje kuona moshi ndipo mkutane.