Nta Ipi Yafaa Gari la Zamani?

Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen ya miaka ya 1970 ambayo bado ina rangi yake ya kiwandani, ana kitu asichoweza kurudishiwa na fundi yeyote kikishachubuka. Hata hivyo, dukoni makopo karibu yote hudai kung'arisha gari, ilhali yaliyomo si kitu kimoja.

Magari mengi ya miaka hiyo yalipakwa rangi pasipo tabaka la vanishi juu yake. Kinachopigwa na jua ni rangi yenyewe. Ukisugua boneti nyekundu kwa dawa ya kung'arisha, kitambaa kikatoka chekundu, usidhani ni uchafu: ni rangi inayokwenda zake. Dawa nyingi za namna hiyo zina chembechembe zinazokwangua mithili ya msasa laini mno. Zina kazi yake, pale rangi ilipopauka, tena mara moja moja. Azitumiaye kila Jumapili atafika kwenye chuma, hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi, ambako rangi huwa nyembamba.

Nta halisi haikwangui. Hutanda juu ya rangi, ikapunguza madhara ya maji, chumvi ya bahari na kinyesi cha ndege. Iliyo mashuhuri ni karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini mashariki ya Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, na nta ya nyuki, kama ile ya Tabora, kwenye nyuzi 62 hivi. Kwa gari linaloshinda juani Kariakoo, tofauti hiyo si ndogo.

Zipo pia nta za kemikali, ambazo kwa kawaida hudumu kuliko karnauba. Kwa gari la familia liendalo kazini kila siku, sisi twaona hizo ndizo zenye faida. Karnauba waachiwe wapendao mng'ao wake. Lakini anayekusudia kupiga rangi upya aepuke zenye silikoni, kwani mabaki yake huifanya rangi mpya kuingia vishimo.

Kopo lisilojieleza lijaribiwe kwanza ndani ya ukingo wa mlango. Gari lioshwe, likaushwe kivulini, nta ipakwe nyembamba na kufutwa kwa flana safi. Mipira na plastiki isiguswe, maana nta ikikaukia hapo huacha weupe usiotoka kwa urahisi.