Bustani ya Nyumbani na Majira ya Mwaka

Nyakanazi ni mji mdogo katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Hapo ndipo zinapokutana barabara ziendazo Kahama, Kigoma na Rusumo. Wasafiri wengi hupita hapo upesi. Sisi katika somo hili hatutapita. Tutaingia nyuma ya nyumba, mahali palipopandwa migomba, maharage, maboga na mihogo, tuchunguze viumbe vinavyoishi humo mwaka mzima.

Ukiwa na bustani nyumbani kwenu, huhitaji kwenda mbali kujifunza sayansi. Chukua daftari na penseli. Kila juma andika tarehe, hali ya hewa, mimea iliyochanua na wanyama uliowaona. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitabu ulichokiandika wewe mwenyewe.

Majira ya vuli

Mvua za vuli huanza mnamo Septemba au Oktoba na huendelea hadi Desemba. Udongo uliokauka hulainika, na mkulima hupanda maharage katikati ya migomba.

Baada ya mvua za kwanza utaona kumbikumbi wakitoka ardhini kwa wingi. Hao ni mchwa wenye mabawa. Huruka kwa muda mfupi, kisha mabawa yao hudondoka. Dume na jike hufuatana, huchimba shimo, na kuanzisha kichuguu kipya. Wengi wao hawafiki huko, kwani kuku, vyura na ndege huwala. Mwezi wa Novemba na Desemba huja senene, ambao huvutwa na mwanga wa taa usiku. Watu wa Kagera huwakusanya na kuwakaanga, na ni chakula chenye protini nyingi.

Maharage yanapoanza kuchanua, ng'oa mche mmoja taratibu pamoja na udongo wake. Osha mizizi kwa maji. Utaona vinundu vidogo. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kama ndani ni chekundu hafifu, kinundu hicho kinafanya kazi. Humo wanaishi bakteria, viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Bakteria hawa huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwapa sukari. Basi hao ni bakteria wenye manufaa kwa mkulima.

Majira ya masika

Mwezi wa Januari na Februari mvua hupungua kwa muda. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Wakati huu bustani hujaa maua, na wageni wa maua huwa wengi.

Simama karibu na mboga utambaao asubuhi na mapema. Utaona kwamba una maua ya aina mbili. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Ua dume halina. Nyuki huingia katika ua dume kutafuta chakula, na chavua hunata mwilini mwake. Akienda kwenye ua jike huiacha huko. Kazi hiyo huitwa uchavushaji. Ua jike lisilopata chavua hunyauka, na kiboga chake huanguka. Kwa hiyo pasipo nyuki hatupati maboga.

Sasa inua macho uutazame mkungu wa ndizi. Maua ya juu ni majike, nayo ndiyo yanayokuwa ndizi. Chini kabisa huning'inia ua dume, lenye rangi ya zambarau na umbo kama la moyo. Magamba yake huanguka moja baada ya jingine, na kila linapoanguka huacha kidonda kibichi kwenye shina la mkungu. Nyuki, nyigu na nzi hulizuru ua hilo kufuata maji yake matamu. Hata ndege aitwaye chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, huja kunywa.

Hapa yafaa tujiulize: je, mgomba unawahitaji wageni hao kama mboga unavyowahitaji? La. Ndizi tunazozila hukua bila uchavushaji. Ndiyo sababu hazina mbegu ngumu ndani. Mkulima hapandi mbegu ya ndizi, bali hupanda chipukizi.

Ugonjwa wa mnyauko

Katika Mkoa wa Kagera mgomba ni chakula, ni fedha, na ni kivuli cha nyumba. Kwa hiyo ugonjwa wake ni jambo zito. Ugonjwa mmoja mbaya ni mnyauko, ambao wakulima huuita pia unyanjano. Husababishwa na bakteria. Mwaka 1968 bakteria hao walielezwa nchini Ethiopia. Mwaka 2001 walionekana Uganda, na kufikia mwaka 2006 walikuwa wamekwisha kuingia Kagera.

Dalili zake ni hizi:
1. Majani hugeuka manjano na kunyauka.
2. Ua dume husinyaa na kukauka.
3. Ndizi huiva kabla ya wakati, nazo ukizikata utaona madoa ya rangi ya kahawia ndani.
4. Shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoka ute wa manjano. Ute huo umejaa bakteria.

Mgomba ulioshikwa na ugonjwa huu hauponi, wala hakuna dawa ya kuutibu. Njia iliyopo ni kuzuia usienee.

Huenea kwa njia gani? Kwanza, mdudu akigusa ute kwenye ua la mgomba mgonjwa, kisha akatua juu ya kidonda kibichi cha ua la mgomba mzima, hupeleka bakteria huko. Pili, panga au jembe lililokata mgomba mgonjwa hupeleka bakteria kwenye mgomba mwingine. Tatu, machipukizi yaliyotoka katika shamba lenye ugonjwa huuhamisha hadi shamba jipya.

Pengine utasema, "Basi tuwaue nyuki." Fikiri tena. Tukiwaua nyuki tutapoteza maboga na asali. Mwenye kosa si nyuki. Kilichopo ni mlango ulioachwa wazi, nasi tunaweza kuufunga. Chana ya mwisho ikishatokea, chukua mti mrefu wenye panda, ulibane ua dume, ulizungushe hadi livunjike. Usitumie kisu, kwani kisu chaweza kubeba bakteria. Ndizi hazitadhurika, kwa sababu hazihitaji chavua ya ua hilo.

Mgomba ulio mgonjwa na ukatwe chini, usawa wa ardhi. Panga lililotumika lipitishwe katika moto hadi lipate joto kali, au lisafishwe kwa dawa ya kung'arisha nguo. Mbuzi wasiachwe kutafuna migomba. Ukiziona dalili, mwambie mzazi na afisa ugani bila kukawia. Mgomba mmoja ulioachwa waweza kuangamiza shamba la kijiji kizima.

Majira ya kiangazi

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukoma. Majani mapana ya mgomba hupoteza maji mengi. Mkulima hodari hutandaza nyasi na majani makavu chini ya migomba. Matandazo hayo huzuia jua lisikaushe udongo.

Inua matandazo kidogo utazame chini yake. Utamkuta nyungunyungu, jongoo na mchwa. Hao hula na kusagasaga majani yaliyooza, na kuyarudisha udongoni kama mbolea. Mjusi na kinyonga huwawinda wadudu. Hivyo hata wakati wa ukame bustani haijalala. Inajitayarisha kwa vuli ijayo.

Kazi ya kufanya

Chimba udongo wa eneo la sentimeta 30 kwa 30 chini ya matandazo. Hesabu nyungunyungu utakaowaona. Fanya hivyo tena mahali pasipo na matandazo. Linganisha hesabu hizo, kisha warudishe wote mahali pao.

Maswali

1. Kwa nini mboga utambaao unamhitaji nyuki, lakini mgomba haumhitaji?
2. Taja tofauti kati ya bakteria wa mizizi ya maharage na bakteria wa mnyauko.
3. Kwa nini ua dume la mgomba huvunjwa kwa mti wenye panda, wala halikatwi kwa kisu?
4. Jirani yenu anataka kuwapa machipukizi ya migomba. Mtachunguza nini kabla ya kuyapokea?