Chumba chenye roshani melini: pesa ya ziada inafaa au la?

Kama umewahi kuvuka Likoni siku ambayo meli ya kitalii inaingia Kilindini, unaijua ile hali. Feri inasubiri, watu wanatoa simu kupiga picha, na jengo zima jeupe linapita mbele yenu polepole, ubavuni limejaa vibaraza vidogo vilivyopangwa kama masanduku ya posta. Mtu mmoja amesimama kwenye kibaraza chake, kikombe mkononi, anawapungia. Na kwenye feri karibu kila mtu anawaza jambo moja: huyo amelipa ngapi kusimama hapo?

Swali hilo tunaulizwa sana siku hizi, na si kwa mzaha. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka, na Durban ni mojawapo ya bandari ambako meli za kitalii huondokea kwenda pwani ya Msumbiji, hasa kati ya Novemba na Aprili. Ni safari za usiku tatu au nne. Wateja wetu wanaweka akiba mdogo mdogo kwenye simu: wengine ni fungate, wengine ni chama kinachojituza, wengine ni watoto wanaotaka kuwashukuru wazazi. Halafu wanafika kwenye ukurasa wa kuchagua chumba, na mambo yanakwama hapo. Chumba cha ndani, chenye dirisha, au chenye roshani (balkoni, kama wengi tunavyoiita)?

Tuseme mapema tunavyoona sisi. Usipoteze muda kuuliza kama roshani ni nzuri. Ni nzuri, hakuna ubishi. Uliza itakaliwa saa ngapi, mchana, meli ikiwa inatembea. Na uliza ni nani hasa atakayeikalia.

Unanunua nini hasa

Chumba cha ndani hakina dirisha kabisa. Ukizima taa ni giza totoro, hujui kama ni saa nane usiku au saa mbili asubuhi. Wengine wanalala humo kama watoto, wengine wanahisi wamefungiwa stoo. Chenye dirisha kina mwanga ila dirisha halifunguki. Chenye roshani kina mlango wa kioo, na nje yake nafasi ya viti viwili na meza ndogo, mara nyingi mita za mraba 3 hadi 5. Yaani usitarajie roshani ya nyumba ya Kileleshwa. Huwezi kualika wageni hapo.

Vingine karibu vyote ni sawa kwa kila mtu. Aliye chumba cha ndani anakula mkahawa ule ule, anaogelea kidimbwi kile kile, anakaa kwenye maonyesho ya jioni viti vile vile. Hata ada ya wahudumu, ambayo hutozwa kila mtu kila siku, kwenye kampuni nyingi ni ile ile kwa vyumba vya kawaida. Kwa hivyo tofauti ya bei ni ya chumba chenyewe, na hapo ndipo unaweza kuipigia hesabu vizuri.

Hesabu ya saa

Tuchukue safari ya usiku tatu kutoka Durban hadi Portuguese Island, kisiwa kidogo cha Msumbiji kando ya Inhaca. Tuseme chumba cha ndani cha watu wawili ni KSh 80,000 na chenye roshani ni KSh 128,000. Hizi ni namba zetu za mfano tu, weka zako. Tofauti ni 48,000.

Siku ya kwanza mnapanda mchana, meli inaondoka jioni. Desemba jua la Durban huzama karibu saa moja jioni, kwa hivyo mna kama saa mbili za mwanga, na saa hizo hizo muziki unapigwa juu na kila mtu yuko huko. Siku ya pili meli inatia nanga, mnapelekwa kisiwani kwa boti, mnarudi mmechoka na mchanga masikioni. Hesabu saa mbili. Siku ya tatu ni bahari mchana kutwa, hii ndiyo siku ya roshani, lakini toa chakula, toa kuogelea, toa usingizi wa alasiri. Tuseme saa tano. Siku ya nne mnaamka mko Durban na mnaombwa kuacha vyumba mapema. Saa moja, kama mna bahati.

Jumla ni saa kumi. Gawanya 48,000 kwa kumi: 4,800 kwa kila saa ya kukaa nje. Ukiona hiyo namba ukacheka, umepata jibu lako. Ukiona ni sawa, pia umepata.

Njia ikibadilika, hesabu inabadilika pia. Safari nyingi za Ghuba, zile za Dubai, Abu Dhabi na Doha, husafiri zaidi usiku na kushinda bandarini mchana. Ukifungua mlango wa kioo saa nne asubuhi unaona gati na mabasi ya watalii, na wewe mwenyewe unakimbilia basi. Norway ni kinyume. Geirangerfjord ina urefu wa kilomita 15 hivi, meli inapita taratibu kati ya milima na maporomoko ya maji, na baridi ya nje ni ya kujifunika blanketi. Hapo roshani inafanya kazi yake. Wanaotaka kuona barafu za Alaska wasiumize kichwa sana kuhusu upande wa kulia au kushoto, maana nahodha kwa kawaida huigeuza meli mbele ya barafu ili pande zote zione.

Upande una maana mkitoka Durban kwenda kaskazini. Jua linachomoza kulia kwenu na nchi kavu iko kushoto. Mkirudi, pande zinabadilishana.

Familia moja ya Nakuru

Mteja wetu mmoja, ambaye ameturuhusu tusimulie bila jina, alikuwa na ndugu wawili na kundi la WhatsApp lililokaribia kuvunjika kwa sababu ya roshani. Mamake alikuwa amestaafu ualimu baada ya miaka mingi, na watoto waliamua kumpeleka baharini pamoja na baba. Walikuwa wamechanga kwa miezi kumi na minne. Tofauti ya bei kati ya vyumba ilikuwa inakaribia karo ya muhula mmoja ya kitinda mimba, aliyekuwa bado kidato cha tatu.

Dada mkubwa alisema wazi: pesa ya karo haiwezi kwenda kwa viti viwili vya plastiki. Kaka akasema mama hajawahi kuombea chochote maisha yake yote. Mteja wetu, wa katikati, ndiye aliyekuwa na pesa zote kwenye akaunti yake na hakuna aliyekuwa akimpigia simu ila kumshawishi.

Tulimwelekeza kwa swali la pili, lile la nani atakaa hapo. Ndipo akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika kwenye kundi. Baba alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Anatembea kwa fimbo, anachoka haraka, na kelele za watu wengi zinamchanganya. Mama naye ni mtu wa watu, hakai. Kwenye chumba cha ndani mambo yangekuwa mawili: baba afungiwe gizani huku mama akijisikia vibaya huko juu, au mama akae naye chumbani safari nzima ambayo ilikuwa zawadi yake.

Saa kumi za hesabu yetu zikawa ishirini na tano hivi, kwa sababu baba angekaa nje tangu asubuhi. Bei ya saa moja ikashuka chini ya 2,000. Dada mkubwa hakufurahi, lakini aliacha kubisha. Karo wakaongea na shule, wakalipa kwa awamu tatu.

Tunakumbuka pia wapenzi wawili wa Rongai walioenda mwezi uo huo, wakachukua chumba cha ndani bila kufikiria mara mbili. Walikuwa wakirudi chumbani saa tisa usiku. Roshani ingewasaidia nini?

Maneno ya kusoma mara mbili

Roshani si zote sawa, na jina kwenye skrini linaweza kukuponza. Nyingine zimezibwa na boti za kuokoa maisha zinazoning'inia mbele yake; huuzwa kwa bei nafuu na maelezo huwa yameandikwa kwa herufi ndogo. Kwa anayetaka hewa tu, hizo ni nzuri sana kwa bei. Nyingine hazioni bahari kabisa. Oasis of the Seas, iliyoanza safari 2009, ina roshani zinazotazama bustani iliyo katikati ya meli yenyewe. Ukilipia hiyo ukidhani utaona mawimbi, utaona miti na wenzako wanakunywa kahawa.

Kuna pia bei inayokuambia utapata chumba cha aina fulani lakini kampuni ndiyo itakayokuchagulia namba. Ni rahisi zaidi, na kwa watu wazima wenye afya haina shida. Kwa yule baba wa Nakuru ingekuwa kosa, kwa sababu angeweza kupewa chumba cha mwisho kabisa mbali na lifti.

Na kichefuchefu? Meli hutikisika kidogo zaidi juu na kwenye ncha, na kwa uchache katikati na chini. Roshani nyingi ziko juu. Kama mtu wako hutapika hata kwenye matatu ya Kisii, tafuta chumba cha katikati, ghorofa ya chini kadiri unavyoweza, hata kama ni cha dirisha tu. Wengine husaidiwa na kutazama upeo wa bahari, na hapo angalau dirisha ni bora kuliko ukuta.

Ukisafiri peke yako, jihadhari zaidi. Bei inayoonyeshwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki chumba. Peke yako unaweza kutozwa hadi karibu mara mbili, na hiyo tofauti ya roshani nayo inakuangukia yote.

Kama bado huna uhakika, kata tiketi ya chumba cha ndani kwanza. Kampuni kadhaa baadaye hukutumia barua pepe ukiweza kutaja kiasi ulicho tayari kuongeza ili upandishwe daraja. Andika kikomo chako kabla ya kufungua barua hiyo, si ukiwa umeifungua.

Upande wa malipo

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, kwa hivyo tuvumilie kidogo. Bei nyingi ziko kwa randi au dola. Malipo ya kwanza ni sehemu tu, salio hudaiwa mara nyingi miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na kiwango cha kubadilisha pesa kitakuwa cha siku hiyo, si cha leo. Weka akiba ya ziada kidogo. Shilingi ikiteleza, roshani uliyoimudu Machi inaweza kukushinda Septemba.

Tangu 2023 unaweza kutuma hadi KSh 250,000 kwa muamala mmoja wa pesa kwa simu na kuweka hadi 500,000 kwenye akaunti, kwa hivyo salio la watu wawili kwa kawaida linapita bila kugawanywa. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni, angalia kikomo chake kabla ya siku ya mwisho, si usiku wa siku hiyo.

Ukipitia wakala, lipa kwa namba ya biashara na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Wakala anayekuambia utume kwa namba yake binafsi kwa sababu "mfumo uko chini" hajakuuzia chumba cha aina yoyote. Ndani ya meli hakuna kulipana noti mkononi. Unasajili kadi au unaacha pesa taslimu mapokezi, na kila soda inaandikwa. Uliza mapema kama kadi isiyo ya plastiki inakubaliwa.

Yule mteja wa Nakuru alitutumia picha mbili waliporudi. Ya kwanza ni ya saa kumi na moja na dakika kadhaa alfajiri: baba amevaa koti na kofia, fimbo imeegemezwa kwenye kioo, chai iko mezani, na bahari yote mbele yake ina rangi ya chungwa. Ya pili ni mama, saa sita usiku, katikati ya ukumbi wa dansi na watu asiowajua. Anasema kwenye ile roshani mamake alikaa labda nusu saa kwa safari nzima.