Maneno Mepesi katika Mikataba Mizito: Msamiati wa Kiingereza na Uuzaji wa Ardhi Kisaju

Barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga hupita Kisaju baada ya mji wa Kitengela na kabla ya kufika Isinya. Kandokando yake yamesimama mabango ya wauzaji wa ardhi, mengi yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza. Wenyeji wa jadi wa nyanda hizi ni Wamaasai. Kwa wazee wao, Kimaasai ndiyo lugha ya kwanza, Kiswahili ni ya pili, na Kiingereza, kwa aliyekipata shuleni, ni ya tatu. Makala haya yanakusudia kufafanua baadhi ya maneno ya Kiingereza yanayotawala biashara hiyo. Maneno yaliyoteuliwa si yale magumu. Neno gumu humfanya msikilizaji aulize, ilhali neno jepesi, analodhani amekwisha kulijua, humpita bila swali. Hapo ndipo mtu hutia kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Kwanza ni vyema kutazama hali iliyotangulia mabango hayo. Sheria ya mwaka 1968 iliwezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja katika ranchi za vikundi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na wanachama wakapata vipande vyao binafsi. Kile ambacho Kimaasai hukiita enkop, neno lenye maana ya udongo, ardhi na hata nchi, kikaanza kupewa majina mengine. Kiswahili cha Kenya hukiita "shamba" hata kama hakijaguswa na jembe. Kwa Mmaasai, mahali palipolimwa ni enkurma. Kwa hiyo mzee akiulizwa kama ana shamba la kuuza, anaweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba hana, huku malisho yake yakienea hadi upeo wa macho. (Kosa hili, ni haki kukiri, ni letu Waswahili wala si la Kiingereza.)

Neno "ploti" halihitaji maelezo marefu. Mwanafunzi wa fasihi hulijua kwa maana ya msuko, kijana wa mjini hulitumia kwa maana ya mpango, mpangaji kwa maana ya nyumba za kupangisha, na dalali wa Kisaju kwa maana ya kiwanja. Muktadha huondoa utata. "Taito" nalo ni anwani ya kitabu, cheo cha mtu, au hatimiliki. Kinachovutia katika hatimiliki za sehemu hii ni kwamba nambari ya kipande hutanguliwa na jina la sehemu ya usajili, kama vile Kaputiei-North, na hivyo jina la Wamaasai wa Ilkaputiei huendelea kuandikwa hata pale ambapo mmiliki ameshabadilika.

"Sachi" huleta mashaka zaidi. Katika Kiingereza cha kila siku, neno hili humaanisha kutafuta kilichopotea, au upekuzi wa polisi. Mzee akiambiwa kwamba ardhi yake "imesachiwa", haishangazi akiuliza amekosa nini. Kumbe kilichofanyika ni kuomba taarifa kutoka sajili ya ardhi ili kujua mmiliki aliyeandikishwa, ukubwa wa kipande, na kama kina deni au kizuizi chochote. Upekuzi wa sajili ndiyo tafsiri inayofaa. Hata hivyo, mnunuzi naye asidanganyike: sajili haimwambii ni nani anayeishi mahali hapo.

Neno lililo hatari kuliko yote ni "kosheni". Dereva huliona kwenye vibao na kulielewa kuwa ni tahadhari. Basi akiambiwa kwamba ardhi "ina kosheni", huenda akachukulia kuwa ameshauriwa tu kuwa mwangalifu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, hilo ni ingizo katika sajili linalowekwa na mtu anayedai haki fulani katika ardhi hiyo, kwa mfano mnunuzi aliyekwisha kuingia mkataba. Likiwapo, uhamisho unaopingana nalo hausajiliwi mpaka mwekaji akubali au liondolewe kwa njia za kisheria. Kulitafsiri kuwa "tahadhari" ni kumpotosha msomaji. "Zuio la sajili" lingefaa zaidi, na kivumishi hicho cha sajili kisiachwe, kwa kuwa mahakama nazo zina zuio lao.

Kuhusu "konsenti", Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Kiingereza hutumia neno moja kwa kukubali kwa mume au mke na kwa kukubali kwa bodi ya udhibiti wa ardhi. Kiswahili kinaweza kuita la kwanza ridhaa na la pili idhini. Tofauti hiyo si ya urembo. Mke anaweza kuridhia mbele ya ukoo mzima, lakini chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, uuzaji wa ardhi ya kilimo bila idhini ya bodi ni batili, na maombi hutakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe.

"Dipositi" hutafsiriwa na wengi kuwa amana. Tafsiri hiyo haifai, kwani amana huwekwa ili irudishwe, ilhali fedha hizi ni sehemu ya bei, na mnunuzi akivunja mkataba huenda akazipoteza. Kiswahili kina neno la kale la biashara, arabuni, ambalo pia hutamkwa rubuni. Kwamba kitenzi kurubuni kina maana ya kulaghai ni jambo ambalo madalali wangependelea lisitajwe.

Sheria ya Mikataba ya Kenya hudai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe. Hailazimishi uwe wa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kinachokosekana ni watu wa kuandika mikataba hiyo.

Hata tarakimu zina lugha yake. Mabango hutangaza "hamsini kwa mia", nao wauzaji husema hiyo ni thumuni ya eka. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Eka ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Hatimiliki nayo haitaji eka wala futi bali hekta: kiwanja cha hamsini kwa mia ni takriban hekta 0.0465, thumuni kamili ni 0.0506. Mzee aliyeuza eka moja kwa hesabu ya viwanja vinane ametoa futi za mraba 3,560 ambazo hazimo katika hesabu hiyo. Akiuliza zimekwenda wapi, ataambiwa ni za barabara, na huenda ni kweli. Ila neno hilo liwe limeandikwa katika mkataba kabla hajatia kidole.