Utangulizi: Wingi wa Nomino na Kosa Lenye Kanuni

Mwanafunzi wa Mwanza anayeandika "informations", "three boat" au "a trouser" hajakosea ovyo. Taaluma ya uchambuzi wa makosa inaanzia hapo. Mwaka 1967 S. Pit Corder alieleza kwamba kosa linalojirudia ni ushahidi wa sarufi ambayo mwanafunzi amekwisha kuijenga kichwani. Mwaka 1972 Larry Selinker akaendeleza hoja hiyo: anayejifunza lugha ana mfumo wake wa mpito, wenye kanuni zake.

Kwetu kando ya Ziwa Victoria mfumo huo una tabaka nyingi. Mtoto wa Magu au Misungwi huanza na Kisukuma, akasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia. Lugha zake mbili za awali zinaweka wingi mwanzoni mwa neno: munhu, banhu, mtu, watu, mtumbwi, mitumbwi. Kiingereza kinauweka mwishoni, tena kwa konsonanti, ilhali silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kile kisauti cha mwisho cha "nets" humpita sikioni kabla hakijampotea kwenye daftari.

Tazama na maneno tuliyoazima. Kutoka Kiarabu tulipokea kitabu, tukaiona ki- ya mwanzoni kuwa ya umoja, tukapata vitabu. Lakini "s" ya wingi wa Kiingereza tuliimeza bila kuitambua: tunasema soksi moja, na chipsi ni chipsi. Boti nayo haibadiliki, iwe boti moja au boti tatu. Basi "three boat" ina hesabu yake kamili, kwa kuwa tatu imekwisha kusema yote.

Nomino zisizohesabika ndizo zinazonivutia zaidi. Kwetu ni habari hizi, samani hizi, nywele zangu, mizigo yangu. Upatanisho wa kisarufi unazihesabu. Ndiyo maana tunakutana na "these news", "furnitures", "my hairs" na "luggages". Upande wa pili, suruali ni moja na mkasi ni mmoja, na hapo wingi wa "trousers" na "scissors" unaonekana hauna sababu. Ningemshauri mwalimu wa Ukerewe aanze na "fish", maana samaki pia ni neno lisilobadilika.

Hata hivyo, tusikimbilie kuilaumu lugha ya nyumbani. Robert Lado, mwaka 1957, aliweka matumaini makubwa katika kulinganisha lugha mbili ili kubashiri ugumu, lakini ulinganishi peke yake hautoshi. "Childs" na "foots" husemwa hata na watoto wa Kiingereza wanaopanua kanuni waliyoipata. Jean Berko alionyesha mwaka 1958 kwamba watoto wadogo wa Marekani huweza kuunda wingi wa maneno ya kubuni ambayo hawajawahi kuyasikia. Na "informations" huandikwa na Wafaransa pia, kwa sababu lugha yao inaruhusu wingi huo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kupiga mstari mwekundu nukuu kosa lenyewe, neno la Kiswahili lililo nyuma yake na ngeli yake, kisha muulize mwanafunzi kwa nini ameandika hivyo.