Wengi ni Wangapi?

Kama unaishi karibu na pori, wanyama unawajua. Tembo umemwona shambani. Fisi unamsikia usiku. Lakini je, unaweza kusema kama tembo wa upande wenu wameongezeka au wamepungua? Wengi wetu husema tu, "Siku hizi ni wengi mno," hasa tukishaliwa mahindi.

Hapa Tanzania viko vijiji vilivyoungana na kutenga ardhi kwa ajili ya wanyama. Mfano ni Ikona kule Serengeti na Burunge kule Babati. Huko wako askari wa wanyamapori wa vijiji. Mtu anayejitolea hutembea pamoja nao na kuandika wanayoyaona. Yeye si askari. Hana bunduki na hakamati mtu.

Kazi huanza alfajiri. Mnafuata njia ile ile kila mara. Kwa nini? Mwezi huu mkipita mtoni na mwezi ujao mkapita kilimani, mtajuaje kama wanyama wamepungua au ninyi ndio mmehama?

Siku yangu ya kwanza nilipewa daftari. Tuliona tembo ng'ambo ya korongo, nami nikaandika: "Tembo wengi." Mzee aliyetuongoza alisoma, akaniuliza, "Wengi ni wangapi, mwanangu?" Basi tukatulia, tukahesabu. Walikuwa 14, na kati yao watoto 3. Niliona haya kweli.

Katika daftari huandikwa tarehe, saa, mahali, jina la mnyama na idadi. Mizoga huandikwa pia, na mitego ya waya. Msipoona kitu, andikeni 0. Ukurasa mtupu hauonyeshi kama wanyama hawakuwapo au ninyi hamkwenda.

Mara nyingi mnyama mwenyewe haonekani, bali nyayo zake. Wayo wa fisi una alama za kucha. Wa simba hauna, maana simba huficha kucha zake akitembea. Tembo naye anapimika kwa kamba. Tafuta wayo wa mguu wa mbele, ule wa mviringo. Zungusha kamba kwenye ukingo wake, kisha zidisha urefu huo kwa 2. Kamba ikiwa sentimita 120, tembo huyo ana kimo cha sentimita 240 hivi begani. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, lakini ni kweli.

Sasa utauliza, hesabu hizi zina faida gani? Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1. Wataalamu walitafuta sababu, wakaona ni sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ulikuwa ukiwaua nyumbu pia, hasa ndama. Ng'ombe wa vijijini walipochanjwa, nyumbu nao wakapona. Nani angejua, kama hakuna aliyehesabu?

Tembo hesabu yao ilikuwa ya huzuni. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe. Hesabu hizo zilifanywa kwa ndege. Lakini ndege haioni waya uliofichwa kichakani, wala haioni tembo aliyepita usiku kwenda shambani kwako. Hayo huonwa na mtu wa miguu.

Tena siku mazao yakiliwa, taarifa yenye tarehe na idadi ni rahisi kufuatiliwa kuliko malalamiko matupu. Kifuta jasho huchelewa, hilo sote tunalijua. Lakini bila maandishi ni vigumu hata kuanza kudai.

Kazi hii haina mshahara, na shamba lako linakungoja. Hatari nazo zipo. Usiende peke yako. Upepo ukitoka kwako kwenda kwa nyati, zungukeni mbali. Mkiona majangili, rudini mkatoe taarifa.

Anayetaka kujaribu amwone ofisa mtendaji wa kijiji chake, aulize askari hao hutoka siku gani. Achukue penseli. Wino ukipata umande wa asubuhi hufutika.