Barua za mama Ellen: mutu akikufa, maneno yake ni ya nani?

Katika nyumba mingi za huku kwetu kuko sanduku ao mufuko wa barua za zamani: zile baba aliandika kutoka kambi ya mugodi, na zile mama alijibu kutoka mugini. Kilio kikiisha, jamaa inagawanya vitu, na mutu moja anauliza: tuzichome ao tuzichunge? Leo tunawasimulia namna ulizo hilo liligawanya watoto wawili wa mama moja, kule Uingereza.

Mama huyo ni Ellen Terry. Alizaliwa Coventry tarehe 27 Februari 1847, na wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa teatri. Alipanda jukwaani London mwaka wa 1856, angali mutoto wa miaka 9, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa pale akitazama. Tangu 1878 alifanya kazi na Henry Irving katika teatri ya Lyceum, na kwa zaidi ya miaka 20 walicheza Shakespeare pamoja. Mwaka wa 1888, akicheza Lady Macbeth, alivaa nguo iliyoshonewa mabawa ya vidudu vya rangi ya kijani, yenye kungaa mbele ya taa.

Nyumbani, maisha hayakuwa laini hivyo. Akiwa na miaka 16 aliolewa na mchoraji G. F. Watts, mwanaume wa miaka 46. Mwaka haukuisha, wakaachana. Kisha aliishi bila ndoa na Godwin, mwenye kuchora mapango ya nyumba, wakazaa watoto wawili: Edith na Edward Gordon Craig. Wakati ule, hiyo ilikuwa haya kubwa.

Mwaka wa 1892 aliandikia gazeti moja juu ya rafiki yake, mwimbaji kijana: je, anaweza kufaulu? Barua ilifika mukononi mwa Bernard Shaw, mwenye kuandika habari za muziki. Akajibu. Kufika 1895, barua zilianza kwenda na kurudi sana. Ellen aliandika mbio mbio, akipiga mistari chini ya maneno. Shaw alimutania, alimusifu, alimufundisha namna ya kucheza Imogen mwaka wa 1896, na alimusukuma aache teatri ya Irving. Ellen alicheka, alisikiliza, lakini hakuacha kazi yake.

Na jambo la kushangaza njo hili: wote wawili walikaa London, Shaw alimutazama mara mingi jukwaani, lakini hawakukutana uso kwa uso mpaka 1900. Waliogopa nini? Pengine waliona kama kwa karatasi mutu anasema yale mudomo unashindwa. Wale walioacha bibi ao bwana mbali wanaelewa.

Ellen alikufa tarehe 21 Julai 1928 kwa nyumba yake ya Smallhythe, katika Kent. Edith alitaka kuichunga nyumba hiyo sawa ukumbusho wa mama, na feza zilihitajika. Barua za Shaw zilikuwa ndani. Lakini sheria inasema hivi: karatasi ni ya mwenye kuipokea, maneno yanabaki ya mwenye kuandika. Basi ilibidi Shaw akubali. Mwanzoni alisitasita, mwishoni akakubali, na kitabu kikatoka 1931.

Kaka yake, Gordon Craig, alikasirika sana. Mambo ya mama, mbele ya watu wote? Mwaka ule ule akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya Ellen Terry, ili aonyeshe mama yule alijua yeye. Edith hakurudi nyuma. Mwaka wa 1939 Smallhythe ilitolewa kwa shirika la National Trust, na mpaka leo watu wanaenda kuitazama pamoja na ile nguo ya vidudu.

Nani alikuwa na haki? Kwetu sisi, wote wawili walimupenda mama. Mumoja alichunga sauti yake, mwengine alichunga siri yake. Wenye kukosa kuulizwa ni Ellen peke yake.

Njo maana tunawaambia, wasomaji: leo barua zetu ziko ndani ya simu, na simu inaibiwa ao inaanguka mu maji. Muulizeni mama angali anaketi mulangoni: haya maneno, tuyachunge ao tuyazike na wewe? Jibu lake litawaepusha na kesi siku ya kilio.